Mteja wa Mwaloni Hanunui Wati, Ananunua Usiku Mzima: Namna ya Kuchagua Taa za LED za Dagaa



Leo naongelea bidhaa ambayo huku kwetu Geita inatoka sana, na inarudishwa sana pia: taa za LED za kuvulia dagaa. Kama unauza mtandaoni na una wateja wa kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Nkome, Chato, Sengerema, Ukerewe au Musoma, hii inakuhusu moja kwa moja. Kama unauza taa za aina nyingine, soma hivyo hivyo, maana hesabu ni zile zile.

Mimi ni wa kidato cha nne tu. Haya nimeyapata kwa kufungua taa, kupima kwa mita, kuuliza mafundi na kuwasikiliza wavuvi wenyewe. Hakuna kitu hapa ambacho wewe huwezi kukifanya ukiwa na mita ya bei rahisi na ndoo ya maji.

KWANZA MJUE MTEJA WAKO

Mvuvi wa dagaa anategemea giza. Mchana dagaa wanakaa chini zaidi, usiku wanapanda juu. Mvuvi anaweka taa zake kwenye vyelezo juu ya maji, wadudu wadogo wa majini wanakusanyika kwenye mwanga, dagaa wanafuata, halafu nyavu inafanya kazi yake. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo mitumbwi mingi inapumzika. Maana yake ni kwamba hela ya mwezi mzima inatoka kwenye zile siku za giza tu.

Sasa fikiria taa imezima saa 8 usiku katikati ya ziwa. Petroli ya injini imeshaungua. Vijana wamekesha. Asubuhi akina mama wa kuanika wanasubiri mzigo mwaloni, na mzigo haupo. Taa yenyewe huenda ilikuwa ya bei ndogo, lakini kilichopotea ni usiku wa giza, na usiku huo haurudi mpaka mwezi ufuatao.

Ndo maana nasema mteja huyu hanunui wati. Ananunua usiku mzima. Ukielewa hilo, maswali unayomuuliza yanabadilika.

1. WATI ZA KWENYE BOKSI SIO WATI ZA KWELI

Mteja anakuja na neno moja: "Dogo, nataka wati 100." Usimbishie, ila usikimbilie kumuuzia pia.

Wati inaonyesha taa inakula umeme kiasi gani. Mwanga unaotoka unapimwa kwa lumeni. Taa mbili zinaweza kula umeme sawa, moja ikatoa mwanga mara mbili ya mwenzake, kwa sababu chipu zake ni nzuri zaidi. LED nzuri za kawaida zinatoa kama lumeni 80 hadi 130 kwa kila wati moja. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa inatoa kama 12 hadi 15 tu. Kwa hiyo taa ya LED ya wati 10 za kweli inakupa kama lumeni 1,000, na huo ni mwanga wa maana.

Tatizo ni hilo neno "za kweli". Unakuta boksi limeandikwa 100W, ukipima inakula wati 8. Kupima ni rahisi. Unganisha taa na betri yake, soma volti, soma ampea zinazopita, zidisha. Mfano: volti 12 mara ampea 0.8 ni wati 9.6. Hiyo ndo wati yako. Piga picha ya mita ikionyesha hizo namba, weka kwenye tangazo lako. Picha hiyo inauza kuliko maneno yote ya boksi.

Na usiogope kumwambia mteja kuwa taa ni ya wati 10. Ukishamwonyesha inavyowaka gizani, ile 100 ya kwenye boksi la jirani ataisahau mwenyewe.

2. BETRI NDO ROHO YA BIASHARA HII

Hapa ndo malalamiko mengi yanapoanzia, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua betri ya volti 12, 7Ah, zile za maji mazito zinazotumika sana. Zidisha 12 kwa 7 unapata 84, yaani ina uwezo wa kuendesha wati 84 kwa saa moja. Lakini betri ya aina hii ukiifyonza hadi mwisho kila siku inakufa mapema sana. Ili idumu, tumia nusu tu, yaani 42.

Sasa mteja wako anawasha kuanzia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri. Hayo ni masaa 9. Taa yake inakula wati 6 za kweli. 6 mara 9 ni 54. Betri inatoa 42. Haitoshi! Itawaka masaa 7, kisha aidha inafifia au anaikamua na kuiua. Mteja huyu anahitaji 12Ah. Hiyo ni 144, nusu yake 72, ukigawa kwa 6 unapata masaa 12. Hapo analala usingizi, au tuseme anakesha kwa amani.

Betri za lithiamu za aina ya fosfati ya chuma, ambazo kwenye lebo zimeandikwa LiFePO4, zenyewe unaweza kuzitumia hadi asilimia 80 bila wasiwasi. Ya volti 12.8, 6Ah ina 76.8. Asilimia 80 yake ni kama 61. Taa ile ile ya wati 6 itawaka kama masaa 10. Kwa hiyo lithiamu ya 6Ah inakaribia kufanya kazi ya betri nzito ya 12Ah, na ni nyepesi mno kubeba mtumbwini. Bei ya kununua ni kubwa zaidi, ila inachajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Mweleze mteja yote mawili, achague mwenyewe.

Halafu kuna zile taa zenye betri ndogo za mviringo ndani, kama betri ya tochi iliyonenepa. Zinaitwa 18650, maana yake upana milimita 18, urefu milimita 65. Ukiona imeandikwa 9900mAh, ujue huo ni uongo wa wino. Betri nzuri kabisa za saizi hiyo zinaishia kwenye 3500 hivi. Ukiiweka kwenye mzani, nzima inakuwa na kama gramu 45 hadi 50. Ikiwa nyepesi mno, ndani kuna hewa au kitu kingine. Mzani wa duka la dhahabu hapa Geita upo kila mtaa, omba wakupimie tu.

3. RANGI: HAPA NDO WENGI TUNAPOTEZWA NA PICHA

Ukitafuta "taa ya LED ya chini ya maji" mtandaoni, nyingi zinazotokea ni za bluu, zinang'aa vizuri sana kwenye picha. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa kwa ajili ya matangi ya maji ya chumvi ya kufugia matumbawe. Ni bidhaa nzuri, ila kwa kazi yake.

Kwa nini bluu? Ndani ya matumbawe, kama yale ya Mafia au Chumbe, wanaishi mwani wadogo sana ambao wanatengeneza chakula kwa mwanga, na chakula hicho ndo kinalisha tumbawe. Maji ya bahari yaliyo safi yanakula mwanga mwekundu kwanza, karibu na juu kabisa. Bluu ndo inayofika mbali chini. Mwani hao wamezoea mwanga huo. Kwa hiyo mtu anayefuga matumbawe kwenye tangi lenye kina, tuseme sentimita 60 au 75, anatafuta taa yenye bluu nyingi na lenzi za kusukuma mwanga hadi chini. Kwenye lebo utaona Kelvini 10,000 hadi 20,000.

Ziwa letu ni kitu kingine. Hasa karibu na ufukwe na kwenye ghuba, maji yana mwani mwingi na uchafu wa majani yaliyooza, una rangi ya njano njano. Vitu hivyo vinakula bluu. Kwenye maji ya namna hiyo, mwanga unaopenya zaidi ni ule wa kijani na wa njano ya kijani. Ile bluu uliyolipia hela nyingi inaishia juu juu tu.

Kwa hiyo usimuuzie mvuvi wa Nkome taa ya matumbawe kwa kuwa inapendeza kwenye status. Nyeupe ya kawaida inatosha, kwa sababu ndani ya nyeupe kuna rangi zote, na kijani kimo. Kwa wanaopenda kujua: LED nyeupe ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa njano juu yake. Ndo maana ukiitazama ikiwa imezimwa unaona njano. Waliofanikisha LED ya bluu inayong'aa, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Bila LED ya bluu, hizi LED nyeupe za namna hii tusingekuwa nazo.

Kelvini za nyeupe zinaenda hivi: 3000 ni ya njano kama balbu ya zamani, 6500 ni nyeupe kama mchana. Andika namba hiyo kwenye tangazo. Mteja akizoea rangi fulani, kesho ataagiza ile ile.

4. MWANGA UENDE WAPI?

Geita tuna wateja wa aina mbili wa taa za usiku. Mchimbaji anataka tochi ya kichwa inayorusha mwanga mbali na kwa wembamba, aone mwamba ulio mbele yake. Mvuvi wa dagaa anataka kinyume chake: mwanga uende chini na utawanyike kwenye maji.

Mwanga ukigonga maji ukitokea juu moja kwa moja, karibu wote unaingia. Kinachorudi ni kama asilimia 2. Ukigonga kwa kulala sana, karibu na usawa wa maji, sehemu kubwa inadunda na kuondoka. Kwa hiyo taa inayomulika pande zote kama balbu ya sebuleni inapoteza mwanga mwingi hewani na kwenye macho ya mvuvi. Chagua taa yenye kofia au sahani juu inayogeuza mwanga chini. Kama huna, mwambie fundi bati akutengenezee kofia, paka nyeupe kwa ndani. Ni kazi ndogo, na unaweza kuiuza kama nyongeza.

Mkumbushe pia mteja aache taa moja ndogo inayoonekana kwa mbali kwenye mtumbwi wenyewe. Sio ya dagaa hiyo, ni ya kuonwa na vyombo vingine.

5. MAJI YASIINGIE

Kwenye lebo utaona IP na namba mbili. Ile namba ya pili ndo ya maji:

IP65: inavumilia maji ya kurushwa kama mvua, sio kuzama.
IP67: inavumilia kuzama hadi mita 1 kwa nusu saa.
IP68: inavumilia kuzama zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe ametaja.

Kwa hiyo IP68 bila kina kilichotajwa haijakamilika. Muulize msambazaji wako: mita ngapi, kwa masaa mangapi? Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Taa ya mita 1 ukiishusha mita 10, umeiua.

Habari njema ni kwamba kwa dagaa wetu taa inakaa juu ya kielezo. IP67 inatosha wateja wengi, maana wimbi likipindua kielezo taa inazama kidogo tu kabla haijaokotwa.

Lakini usiamini lebo peke yake. Fanya jaribio la ndoo. Washa taa nusu saa ipate joto. Kisha izamishe kwenye ndoo ya maji ya baridi, ikiwa na kitu kizito juu, uiache usiku kucha. Kwa nini ipate joto kwanza? Kwa sababu hewa ya ndani ikipata moto inatanuka na kutoka. Ukiizamisha ghafla, hewa inasinyaa na kuvuta maji ndani kupitia kila tundu dogo. Hivi ndivyo taa nyingi zinavyokufa ziwani. Asubuhi angalia kioo kwa ndani. Ukiona ukungu, mpira wa kuziba haufai. Jaribu taa moja kwa kila shehena kabla hujaposti hata picha moja.

Jambo jingine, maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi. Taa zilizoandikwa kuwa ni za baharini zina bei kubwa kwa sababu ya kuzuia kutu ya chumvi. Mteja wako hahitaji kulipia hiyo. Kinachohitaji uangalizi ni maungio ya waya: yawe na mpira, au yafunikwe kwa silikoni.

6. SOLA NA KUCHAJI

Tukirudi kwenye mfano wetu, taa inakula 54 kwa usiku. Kuna upotevu kwenye kuchaji, kwa hiyo weka kama 72. Jua kali la kuchaji tuseme masaa 4 kwa siku. 72 gawa kwa 4 ni 18. Paneli ya wati 20 za kweli inatosha siku za jua. Kipindi cha masika, mpe ya 30 au mkumbushe awe na pa kuchajia umeme mwaloni.

Kumbuka mvuvi ana taa kadhaa, sio moja. Hesabu hii ni ya taa moja. Kama ana 6, zidisha kwa 6 kabla hujampa bei, asije akanunua taa 6 na paneli ya taa 2.

7. KANUNI ZA UVUVI

Uvuvi wa taa unasimamiwa na kanuni zilizo chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na kanuni hizo hurekebishwa mara kwa mara. Kabla hujaagiza taa kubwa kwa wingi, nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya au viongozi wa BMU wa mwalo husika, uliza nini kinaruhusiwa msimu huu. Taa ya mteja ikikamatwa, ni wewe atakayekupigia simu kwanza.

8. TANGAZO LAKO LIANDIKE HIVI

Badala ya "Taa kali sana wati 100 bei poa", andika hivi:

"Taa ya dagaa, wati 6 zilizopimwa, nyeupe 6500, IP67, tumeijaribu kwenye ndoo usiku mzima. Na betri ya lithiamu 6Ah inawaka masaa 10. Mwanga unaelekea chini. Waranti miezi 3. Tunatuma kwa basi."

Hiyo waranti iandike tu kama utaitimiza. Na kabla ya kupokea hela, muulize mteja maswali manne:

Unawasha kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi?
Una taa ngapi?
Unachajia wapi?
Unavulia karibu na ufukwe au katikati?

Mteja mzima wa umri akiona dogo anamuuliza hivyo, anajua huyu anaelewa kazi. Mwambie: "Mzee wangu, kwa masaa yako 9, hii ndogo haitakufikisha asubuhi. Chukua hii, au chukua hiyo na betri mbili." Unaweza kupoteza mauzo ya leo ya ile taa ya bei rahisi. Lakini mwaloni watu wanakaa pamoja, wanaanika pamoja, wanakunywa chai pamoja. Taa ikifika asubuhi, wanaulizana imetoka kwa nani. Ikizima saa 8, wanaulizana swali hilo hilo.

Kwa wanaoagiza kutoka Kariakoo kupitia Mwanza: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari halisubiri tena kivuko pale. Panga mzigo ufike siku chache kabla giza halijaanza, upate muda wa kupima na kufanya jaribio la ndoo. Weka kalenda ya mwezi ukutani dukani. Siku za mbalamwezi ndo za kupima na kuposti. Giza likianza, mteja wako awe ameshaondoka na taa yake.

Ukiona imekusaidia, mtumie na muuzaji mwenzio wa kanda ya ziwa. Kazi njema.